Neno la Kwanza la Msikilizaji: Somo la Kuzuia Ukatili kati ya Wapenzi Vijana

Somo la toleo hili limeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi, walimu, viongozi wa mitaa na vilima, na hasa vijana wenyewe walio katika shule za sekondari na vyuo vya Gitega na Muyinga. Linahusu ukatili unaotendeka kati ya watu wawili ambao hawajaoana, bali huitana wapenzi. Ukatili huu hauonekani upesi, kwa sababu hautendeki ndani ya nyumba yenye mume na mke, ambako majirani husikia kelele na wazee huweza kuitwa. Hutendeka njiani wanafunzi wanapotoka masomoni, katika chumba cha kupanga, nyuma ya uwanja wa mpira, na siku hizi katika simu ya mkononi, saa ambazo wazazi wamekwisha kulala.

Si jambo dogo wala la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba, duniani kote, takribani msichana mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi au mpenzi amekwisha kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi huyo. Kwa hiyo darasa lenye wasichana arobaini lisidhaniwe kuwa halina hata mmoja anayehusika.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji anatarajiwa kufahamu mambo manne: namna ukatili huu unavyoanza, sababu zinazowafanya vijana wanyamaze, sheria ya Burundi inavyosema, na, kubwa kuliko yote, namna ya kumjibu kijana anapofunua siri yake kwa mara ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo shina la somo, kama mifano miwili ifuatayo itakavyoonyesha. Mifano hii imetungwa kwa ajili ya mafunzo wala haimhusu mtu anayejulikana. Lakini aliyewahi kuketi kwenye meza ya kupokea malalamiko kituoni ataitambua.

MFANO WA KWANZA: GITEGA

Msichana wa miaka 19 ametoka kijijini kuja Gitega kuanza mwaka wa kwanza wa chuo. Amepanga chumba mtaa wa Magarama pamoja na msichana mwenzake. Mwezi wa pili akapata mpenzi, kijana wa mwaka wa tatu, mwerevu na mwenye kuheshimiwa. Kijana humnunulia muda wa maongezi wa simu, humsindikiza jioni, humsaidia masomo ya hesabu.

Kisha akamwomba neno la siri la simu yake, akisema kwamba wapendanao hawafichani kitu. Akampa. Baadaye akamkataza kusoma na kundi lake kwa kuwa ndani yake mna wavulana. Akaacha. Ikawa kila baada ya saa moja lazima apige picha ya mahali alipo na kuituma. Akichelewa, simu hulia mara ishirini. Siku moja alichelewa kwa sababu simu iliishiwa moto. Jioni hiyo kijana alimpiga kofi. Kesho yake alikuja akilia, ameshika viatu vipya mkononi, akaapa kwamba hatarudia.

Msichana alimweleza mwenzake wa chumbani. Mwenzake akajibu: "Lakini anakupenda, dada. Asiyekupenda hakuonei wivu." Akampigia mama yake. Mama, aliyelelewa kwa maneno hayo na kuyapokea kwa mama yake, akasema: "Vumilia, mwanangu. Amalize masomo aje kujitambulisha. Niko zubakwa."

Wiki tatu baadaye msichana alipelekwa hospitali akiwa amevunjika mkono.

MFANO WA PILI: MUYINGA

Msichana wa miaka 16 anasoma sekondari karibu na barabara iendayo mpaka wa Kobero. Mfanyabiashara wa miaka 28, anayepita hapo akienda na kurudi Tanzania, humpa fedha za daftari na sabuni, kisha akampa simu. Haikupita muda akaanza kumlaza naye. Msichana alipotaka kuachana naye, mtu huyo alimtumia picha alizompiga bila nguo, akamwandikia kwamba akimwacha, shule nzima itaziona.

Msichana alikaa na siri hiyo siku nne, hakula wala hakusoma. Siku ya tano akaenda kwa shangazi yake, akasimama mlangoni, akasema: "Shangazi, nimefanya jambo la aibu." Shangazi akamketisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamjibu: "Umefanya vyema kuniambia. Aliyekosa ni yeye, mtu mzima. Leo hutalala peke yako, na kesho tutakwenda pamoja."

Asubuhi walikwenda pamoja, hospitali kwanza, kisha polisi, wakiwa na simu ile na ujumbe wote ndani yake. Mambo hayakuwa mepesi. Picha mbili zilikwisha kufika kwa wanafunzi watatu, na zilihitajika siku nyingi na mwalimu mwenye busara kuzima maneno. Lakini msichana alirudi darasani, na mtu yule hakumgusa tena.

TUJIFUNZE NINI KATIKA MIFANO HII?

Wengi wakiulizwa tofauti ya visa hivi watasema kwamba cha pili kilikuwa na mhalifu mkubwa zaidi, au kwamba msichana wa kwanza alichagua vibaya. La, sivyo. Wasichana wote wawili walifanya jambo lile lile gumu: walisema. Tofauti imo katika neno la kwanza walilojibiwa. Kati ya kofi na mkono uliovunjika walikuwepo watu wawili waliosikia, nao wote wawili walimpenda msichana yule. Hawakumtakia mabaya, walimjibu kwa maneno waliyorithi. Na yule kijana, alipoona kwamba kofi lake halikuulizwa na mtu, alijua kwamba njia iko wazi.

Kwa hiyo tunasema: kuzuia ukatili kati ya wapenzi vijana hakuanzii kituoni wala mahakamani. Huanza pale mtu wa karibu anaposikia habari kwa mara ya kwanza. Polisi huja baadaye, na mara nyingi huja wakiwa wamechelewa.

NGAZI YA UKATILI

Ukatili huu hupanda kama mtu apandavyo ngazi, na kila daraja huonekana kuwa dogo kwa sababu lile lililo chini yake limekwisha kuzoeleka.

Daraja la kwanza ni kutawala kunakovaa nguo ya mapenzi: kudai neno la siri la simu, kuchagua nguo atakazovaa mwenzake, kuuliza kila saa yuko wapi na nani. La pili ni kutenga: kumwondoa kwa rafiki, kwa kundi la masomo, kwa kwaya au timu, hata kwa ndugu zake, mpaka abaki na mtu mmoja tu wa kumsikiliza, naye ndiye anayemwumiza. La tatu ni kudhalilisha: matusi, kumcheka mbele za watu, kumwambia kwamba hakuna mwingine atakayemtaka. La nne ni vitisho: "nitakuua," "nitajiua ukiniacha," "nitazituma picha zako." La tano ni mkono: kusukuma, kofi, kukaba koo, kulazimisha ngono. Kukaba koo kutajwe peke yake, kwa maana mtu aliyewahi kumkaba mwenzake koo amekaribia sana kumuua, hata kama shingoni haikubaki alama.

Baada ya pigo hufuata toba: machozi, zawadi, ahadi. Toba hii humfanya aliyeumizwa aamini kwamba mtu mwema amerudi. Lakini toba isiyofuatwa na kubadilika kwa mwenendo, yaani kurudisha uhuru wa mwenzake na kukubali kuulizwa na watu wengine, ni daraja mojawapo la ngazi ile ile.

Ieleweke pia kwamba wavulana huumizwa. Wapo wanaopigwa, wanaotukanwa, wanaotishwa kwa picha au kwa kusingiziwa. Hao hunyamaza zaidi, kwa kuogopa kuchekwa kwamba si wanaume. Kijana wa kiume anayefunua jambo kama hilo astahili kusikilizwa kwa uzito ule ule.

KWA NINI VIJANA HUNYAMAZA?

Kwanza ni aibu. Kijana ambaye wazazi wake hawakujua kwamba ana mpenzi atalazimika kukiri uhusiano kabla ya kueleza maumivu. Anahofu kwamba ataulizwa, "Ulikwenda kufanya nini kwake?" kabla ya kuulizwa, "Umeumia wapi?"

Pili ni utegemezi. Mwanafunzi anayelipiwa chumba, chakula au vifaa vya masomo huona kwamba kuachana ni kuacha shule. Mtu mkatili hulijua hilo vizuri, na ndiyo sababu huwahi kutoa kabla ya kuanza kudai.

Tatu ni hofu ya kufukuzwa shule, hasa mimba ikiwamo. Wengine hudhani kwamba wakifika kwa mwalimu, wao ndio watakaoadhibiwa.

Nne ni maneno tuliyorithi. Katika Kirundi usemi "niko zubakwa," maana yake "ndivyo nyumba zinavyojengwa," umewafariji wanawake wengi wa vizazi vilivyopita, tena umewafunga. Tuuheshimu uvumilivu wa mama zetu, lakini tusiwarithishe mabinti maumivu yao. Nyumba iliyoanza kujengwa kwa kofi kabla hata ya mahari kutolewa haina msingi. Wahenga wa Kiswahili walituonya kwa neno lingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

SHERIA INASEMAJE?

Burundi ina Sheria Na. 1/13 ya tarehe 22 Septemba 2016, inayohusu kuzuia ukatili wa kijinsia, kuwalinda walioathirika na kuwaadhibu watendaji. Pamoja nayo ipo Sheria ya Adhabu, iliyorekebishwa mwaka 2009 na tena mwaka 2017. Kila raia ayashike mambo yafuatayo.

Kwanza, kubaka ni kosa la jinai hata kama mtendaji ni mpenzi, mchumba au mume. Adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 30. Aliyekubali kutembea na mtu, au kupokea zawadi zake, au kuingia chumbani mwake, hakukubali kwa sababu hiyo kulala naye. Na aliyekubali jana hakukubali leo.

Pili, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria huhesabu tendo la ngono na mtoto kuwa ubakaji, hata kama yeye mwenyewe alisema ndiyo. Katika mfano wa Muyinga, yule mfanyabiashara hawezi kujitetea kwamba walipendana.

Tatu, ndoa haiwezi kutumiwa kuufunika uhalifu. Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993 iliweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18 kwa msichana na 21 kwa mvulana. Wazee wanaokaa chini na kuamua kwamba msichana aliyebakwa aolewe na aliyembaka, au kwamba familia yake ipewe mbuzi na vinywaji ili mambo yaishe, humpeleka mtoto wao kwa mtesi wake. Tunawaheshimu bashingantahe, na hekima yao katika kupatanisha majirani wanaogombania mpaka wa shamba ni hazina ya nchi. Lakini jinai ya aina hii si ugomvi wa mipaka. Sheria ya 2016 imeyahesabu makosa ya ukatili wa kijinsia kuwa yasiyoweza kusamehewa.

Nne, na hili latuhusu sisi wenyewe, sheria hiyo hiyo imeweka adhabu kali zaidi kwa askari polisi na mahakimu wanaoficha uhalifu waliotendewa wanawake na wasichana. Askari anayemwambia mlalamikaji, "Haya ni mambo ya wapenzi, rudini mkapatane," anatenda jambo baya kuliko kukosa adabu; anajiweka mwenyewe chini ya mkono wa sheria. Mwezi Desemba 2011 viongozi wa nchi za Maziwa Makuu, Burundi ikiwamo, walitia ahadi mjini Kampala ya kutouvumilia kabisa ukatili wa kijinsia. Ahadi ya wakuu hutimizwa au huvunjwa na askari wa zamu kituoni, siku msichana anapoingia mlangoni.

NAMNA YA KUJIBU

Tuliona kwamba neno la kwanza lina nguvu ya kufungua au kufunga njia. Je, linafundishika? Naam. Yafuatayo ni mambo matano ya kushika, kwa mzazi, mwalimu, shangazi, rafiki na askari pia.

1. Sikiliza mpaka mwisho. Usikatize kwa maswali ya "kwa nini." Swali la "kwa nini ulikwenda?" laonekana kuwa swali, kumbe ni hukumu.

2. Mshukuru kwa kusema, na umwambie wazi kwamba aliyepiga ndiye mwenye kosa. Maneno machache yatosha: "Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako."

3. Uliza juu ya usalama kabla ya yote. Atalala wapi leo? Ana jeraha? Mtu huyo anajua kwamba amesema? Amewahi kumkaba koo au kumtishia kwa kisu?

4. Usiamue kwa niaba yake bila kumshirikisha. Mtu aliyetawaliwa kwa muda mrefu haponi kwa kupata mtawala mwingine, hata awe mwenye nia njema. Mweleze njia zilizopo, mtembee pamoja. Akiwa mtoto, mtu mzima analazimika kutoa taarifa. Hata hivyo mwambie kwanza ni nani atakayeambiwa na kwa sababu gani.

5. Tunza siri na ushahidi. Asifute ujumbe wala picha za vitisho. Jambo lisipelekwe sokoni wala katika kundi la WhatsApp la ukoo. Anayepokea picha ya aibu ya mwenzake na kuisambaza anashiriki kumwumiza.

Liongezwe onyo moja. Wakati wa kuachana ni wakati wa hatari kubwa, kwa sababu mtu aliyezoea kutawala huona kwamba anapoteza mali yake. Anayetaka kumwacha mpenzi mkatili asiende kumwambia akiwa peke yake chumbani au mahali pa faragha. Amwambie mtu mwingine kwanza, achague mahali penye watu, asikubali "mkutano wa mwisho wa kuagana," na kwa siku zinazofuata asitembee peke yake jioni.

MAHALI PA KWENDA

Aliyebakwa au kupigwa aende kwanza kwenye matibabu, hata kama bado hajaamua kushtaki. Muda una thamani hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina manufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahiwa ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo yatakiwa kutumiwa mapema iwezekanavyo, isizidi siku tano. Ikiwezekana asioge wala asifue nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Nguo hizo azitie katika mfuko wa karatasi. Akiwa amekwisha kuoga, aende vivyo hivyo. Hakuna aliyechelewa kiasi cha kutosaidiwa.

Mjini Gitega kipo Kituo cha Humura, ambapo aliyeathirika hupata chini ya paa moja daktari, mshauri wa nafsi na msaada wa kisheria, badala ya kuzunguka ofisi nne na kueleza aibu yake mara nne. Jina la kituo hiki lina maana yake: "humura" ni neno la Kirundi la kumtuliza mtu mwenye hofu, kana kwamba aambiwa, "Tulia, usiogope." Muyinga nako, huduma ya pamoja ya namna hiyo imewekwa katika hospitali. Simu ya polisi ni 117. Watoto, na yeyote mwenye habari za mtoto anayeteswa, wanaweza kupiga 116 bila malipo, nayo huitwa "Yaga Ndakumva," yaani "Sema, nakusikia."

Angalieni majina hayo mawili: Tulia, usiogope, Sema, nakusikia. Waliotoa majina hayo walijua kwamba tiba huanza na neno.

WAJIBU WA VIJANA WA KIUME

Itakuwa kosa kuwafundisha wasichana kukimbia bila kuwafundisha wavulana kutofukuza. Wavulana wengi hawakuzaliwa na ukatili. Waliuona nyumbani, wakaambiwa kwamba mwanamume asiyeogopwa si mwanamume. Lakini nchi yetu ina mfano wa watu waliogeuka. Ni Abatangamuco, maana yake wale waletao nuru, harakati iliyokua kwa msaada wa shirika la CARE. Humo, wanaume waliokuwa wakiwapiga wake zao husimama mbele ya majirani, wakaeleza waliyoyatenda, yalivyoharibu nyumba zao, na namna walivyoacha. Wengine huigiza maisha yao ya zamani mbele ya watu. Hawahubiri kutoka juu, wanakiri. Na mwanamume aliyekiri mbele ya kilima kizima ana mashahidi wengi wa kumkumbusha siku hasira itakaporudi.

Mjini Kampala, shirika la Raising Voices na wenzao wa CEDOVIP waliendesha mpango uitwao SASA!, uliowatumia watu wa kawaida wa mitaani, mafundi, wauza duka, askari, viongozi wa dini, kuzungumza na majirani zao juu ya matumizi ya nguvu ndani ya mapenzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, katika mitaa iliyofikiwa, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa isiyofikiwa. Mazungumzo ya jirani kwa jirani, yaliyodumu kwa miaka, yalifanya kazi ambayo jela peke yake haiwezi.

Kijana wa kiume anayesoma somo hili ajiulize kwa uaminifu: Je, mpenzi wangu anaweza kuniambia "hapana" bila kuogopa? Je, ana rafiki waliobaki tangu tulipoanza? Simu yangu ikilia mara ishirini, nami ningeona ni mapenzi? Akiona kwamba majibu yanamshtaki, asisubiri kofi. Aende kwa mtu mzima anayemheshimu, aseme. Naye astahili kusikilizwa, na kuambiwa kweli bila kupakwa mafuta. Na rafiki wa kijana kama huyo asicheke anaposimuliwa "nilimnyoosha." Kicheko cha rafiki nacho ni jibu.

MASWALI YA KUJADILI

Maswali haya yatumiwe darasani, katika vikundi vya vijana, katika mikutano ya wazazi na katika mafunzo ya askari.

1. Katika mfano wa Gitega, ni katika daraja gani la ngazi ambapo mwenzake wa chumbani angeweza kusema neno la kusaidia? Angesema nini?

2. Mama wa msichana huyo alimpenda binti yake. Kwa nini basi alimjibu vile? Tunawezaje kubadili jibu bila kumdharau mama?

3. Msichana wa Muyinga alianza kwa kusema, "Nimefanya jambo la aibu." Je, shangazi alikubaliana naye? Alimwondoleaje aibu hiyo?

4. Katika shule yenu, mwanafunzi akitaka kumwambia mtu mzima jambo kama hili, atakwenda kwa nani? Mtu huyo anajulikana kwa wanafunzi wote? Kama hakuna, nani ateuliwe, na kufikia lini?

5. Zoezi: Wakae wawili wawili. Mmoja aseme, "Amenipiga, lakini usimwambie mtu." Mwenzake ajibu kwa sentensi mbili tu. Kisha wabadilishane nafasi. Wote wajadili ni maneno gani yaliyofungua na yapi yaliyofunga. Mwalimu azingatie kwamba huenda humo darasani yumo anayesema kweli. Kwa hiyo zoezi liishe kwa kuwaonyesha wote mahali pa kwenda.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, huenda wiki hii, au mwaka huu, mtoto wako, mdogo wako, mwanafunzi wako au jirani yako atasimama mlangoni pako akitafuta mahali pa kuanzia. Hatakuja na hotuba. Atasema jambo dogo, pengine kwa kucheka, pengine kwa kuuliza habari za "rafiki yangu mmoja," apime kama unafaa kuambiwa lililobaki. Hutakuwa na muda wa kufungua jarida hili. Basi andaa jibu lako leo, ulijaribu kwa sauti, ulizoee kinywani: "Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako. Tutakwenda pamoja." Nasi polisi, mtakapofika mlangoni petu, tunapaswa kuwapokea kwa maneno hayo hayo, na tusipowapokea hivyo, mnayo haki ya kutudai.